Kufuma Bila Patani

Ufumaji huru ni ufumaji usiofuata patani. Mfumaji haanzi kwa kuhesabu cheni 120, wala hana karatasi inayomwambia safu ya 14 iwe na mishono mingapi. Huanza na mishono michache, akageuza kazi anapoona inafaa, akabadili uzi unapoisha au anapouchoka, na kipande kikifika ukubwa wa kiganja hukifunga na kuanza kingine. Vipande vikishakuwa vingi huunganishwa, na hapo ndipo mto, kofia, mkoba au koti hupatikana. Kulabu ya kroshia na sindano mbili za kufumia hutumika bega kwa bega, hata ndani ya kipande kimoja.

Kipande hicho kidogo ndicho kiini cha sanaa yote. Wafumaji wa Uingereza na Australia hukiita skrambo, jina lililoenezwa na Sylvia Cosh na James Walters, Waingereza wawili waliofundisha mtindo huu kwa miaka mingi. Skrambo haina kipimo wala umbo maalumu. Inaweza kuwa na pembe moja kali na upande mmoja wa duara, na mkia uliochomoza pasipo sababu yoyote. Sababu huonekana baadaye, mkia huo unapokutana na pengo linalouhitaji.

Kwa kuwa patani haipo, wengi hudhani kwamba kanuni nazo hazipo. Si hivyo. Anayefuma sweta kwa patani huamua mambo yote kabla ya kushika sindano: ukubwa, rangi, idadi ya mishono. Kazi ikianza anabaki kutekeleza tu. Ufumaji huru haupunguzi maamuzi hayo hata moja, ila unayasogeza mbele, yafanyike wakati mikono iko kazini. Ndiyo maana masalio ya nyuzi huufaa mtindo huu kuliko uzi mpya. Donge zima la gramu 100 halimlazimishi mtu kuamua lolote kwa saa nyingi. Masalio ya gramu tano yanaisha katikati ya mzunguko, na mfumaji atake asitake lazima achague.

Mtindo huu una mababu. Njaa kuu iliyoanza Ireland mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, iliwasukuma maelfu ya wanawake kutafuta riziki kwenye kulabu. Watawa wa Ursuline wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha kroshia. Upande wa kaskazini, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Clones, aliianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Kilichofumwa hakikuwa kitambaa kizima. Mwanamke mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, mwingine vishada vya zabibu, na zipo familia zilizobobea katika ua moja tu. Maua hayo yalipangwa juu ya kitambaa chenye mchoro wa kola au wa gauni, yakashikizwa kifudifudi, kisha nafasi zilizobaki kati yake zikajazwa wavu wa uzi mwembamba. Kitambaa cha chini kilipobanduliwa, lesi ilisimama peke yake. Mfumaji huru wa leo hufanya karibu vilevile, tofauti ikiwa kwamba ua lake halijulikani litakuwaje mpaka limalizike.

Wazo la kuuona ufumaji kama sanaa inayojitegemea lilipata nguvu Marekani. Mary Walker Phillips, mzaliwa wa Fresno, California, alikuwa mfuma nguo wa mtambo kabla ya kugeukia sindano mbili. Kitabu chake Creative Knitting kilitoka mwaka 1971, na kazi zake zilitundikwa ukutani badala ya kuvaliwa. Uingereza, Walters alitoa Crochet Workshop mwaka 1979. Miaka kumi baadaye yeye na Cosh wakatoa The Crochet Workbook. Kati ya vitabu hivyo viwili, mwaka 1985, Kaffe Fassett, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alichapisha Glorious Knitting. Fassett hakuwa mfumaji huru kwa maana kamili, maana alifuata michoro, lakini aliwaondolea wasomaji hofu ya kuweka rangi nyingi katika vazi moja. Baadaye uongozi wa mtindo ulihamia Australia, ambako Prudence Mapstone wa Brisbane na Jenny Dowde waliandika vitabu vya mafunzo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Katika mkondo huohuo wa rangi na duara yupo Xenobia Bailey, msanii Mmarekani mweusi aliyezaliwa Seattle. Kofia zake na duara zake kubwa za kroshia zimejaa miale ya rangi inayozidi kukua mzunguko baada ya mzunguko. Kazi yake moja iligeuzwa kuwa vigae vya rangi na kubandikwa mwaka 2015 katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya 34th Street–Hudson Yards, New York, ambako abiria hupita chini ya kroshia isiyo na uzi.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mfuko wa masalio. Afrika Mashariki mfuko huo una sura yake. Katika miji ya baridi, mafundi wa sweta za shule hutumia mashine za mkono, na kinachobaki mezani ni akriliki ya rangi za sare: damu ya mzee, bluu iliyokolea, kijani, kijivu. Majumbani hubaki pamba nyeupe au ya rangi ya maziwa iliyotoka kwenye vitambaa vya makochi na vya meza. Mifuko ya aina hizi mbili ikikutana, rangi za sare zinaacha kufanana na sare.

Kabla ya kuchanganya, ni vyema kujua uzi umetengenezwa kwa nini, kwa kuwa lebo hupotea mapema kuliko uzi. Kipimo cha moto kinatosha. Kipande kifupi hushikwa kwa kibano juu ya sahani na kuwashwa. Sufu huungua shingo upande, hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu jeusi linalosagika kati ya vidole. Pamba huwaka kama karatasi, kwa harufu ya karatasi. Akriliki huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Tofauti hizi hujitokeza tena siku ya kufua. Sufu ambayo haikutayarishwa maalumu kiwandani hujikunja na kushikamana ikipata maji ya moto na msuguano, ilhali akriliki iliyo kando yake haibadiliki. Matokeo yake ni kipande kilichovutwa upande mmoja kama ngozi ya kovu. Kwa mto wa kupamba si hoja kubwa. Kwa sweta itakayofuliwa kila wiki, afadhali nyuzi za asili moja.

Rangi nazo hupimwa. Uzi mwekundu na uzi mweusi ndio wasaliti wa kawaida. Huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu, hukandamizwa kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa kikipata doa uzi huo hautiwi karibu na mweupe.

Unene wa nyuzi hauna haja ya kulingana, ila unapaswa kukaribiana. Nyuzi mbili nyembamba zikishikwa pamoja hufanya kazi ya uzi mmoja mnene, na hapo hutokea faida isiyotarajiwa: nyuzi mbili za rangi tofauti zikipita pamoja kwenye kulabu huzaa rangi ya tatu yenye madoadoa, ambayo haiuzwi dukani. Kulabu ya milimita 4 huhudumia nyuzi nyingi za sweta za unene wa kati. Uzi ukiwa mnene zaidi, kulabu hubadilishwa papo hapo, katikati ya kipande.

Kupanga rangi ndipo wanaoanza hukwama. Jambo la kuangalia kwanza ni weusi na weupe wa rangi, yaani kukolea kwake, kabla ya kuuliza kama ni nyekundu au kijani. Mfuko wenye rangi kumi zilizokolea sawasawa hutoa kazi iliyofifia, hata kama rangi zenyewe ni kali. Njia rahisi ni kumwaga masalio yote sakafuni na kuyapiga picha ya nyeusi na nyeupe kwa simu. Yanayoonekana kijivu kimoja ni mamoja. Yanayojitokeza ndiyo yatakayoleta uhai. Kisha huchaguliwa rangi moja iliyopo kwa wingi, hata kama si nzuri sana, ionekane kidogo katika kila kipande. Rangi hiyo ndiyo inayowafanya wageni hawa wote waonekane ndugu.

Hebu kipande kimoja kifuatwe tangu mwanzo. Masalio ni matatu: akriliki ya damu ya mzee, kiasi cha ngumi ya mtoto, pamba nyembamba ya rangi ya maziwa, itakayoshikwa mara mbili, na sufu ya manjano isiyozidi mita chache.

Kitanzi hufungwa kwa uzi wa damu ya mzee, na ndani yake hufumwa mishono mifupi sita. Mshono mfupi ni ule ambao kulabu inachota uzi mara moja na kufunga vitanzi viwili kwa pamoja. (Anayesoma vitabu vya nje ajihadhari: mshono huu Waingereza huuita wa mara mbili na Wamarekani huuita wa mara moja, na kila upande una hakika kwamba mwingine amekosea.) Mzunguko wa pili kila mshono hupata miwili, jumla 12. Mzunguko wa tatu huanza vizuri, kisha nusu ya njia husimamishwa. Kazi hugeuzwa, na kwenye mshono mmoja hutiwa mishono mirefu mitano, inayofunuka kama kombe la pwani. Sasa duara ina bega.

Hapo uzi wa damu ya mzee huachwa bila kukatwa na pamba huingia. Inapita juu ya kombe kwa mishono mifupi, inashuka ubavuni, na inapofika kwenye kona ya ndani, ambako duara na kombe vinakutana, hujaza shimo kwa mshono mrefu, mfupi, kisha mrefu zaidi. Baada ya hapo ni zamu ya manjano, nayo ni kidogo mno kwa safu nzima. Hutumika kwa mshono wa kuzungusha: uzi huzungushwa kwenye kulabu mara nane au tisa, halafu kulabu huvutwa taratibu ipite katika mizunguko yote kwa pamoja. Hutokea kitu kama kiwavi kilicholala juu ya kazi. Mara za kwanza kulabu hunasa. Dawa ni kuzungusha kwa ulegevu na kushika mizunguko kwa vidole viwili wakati wa kuvuta. Viwavi vitatu kando kwa kando, na manjano imekwisha.

Sindano huingia sasa. Kwenye ukingo ulionyooka zaidi huokotwa vitanzi tisa kwa sindano ya kufumia, kwa uzi ule wa damu ya mzee uliokuwa ukisubiri, na hufumwa mshono wa mbele tu, kwenda na kurudi, mpaka yatokee matuta manne. Kila safu ya pili mishono miwili ya mwisho hufumwa pamoja, hivyo upande huo hukatwa mshazari. Vitanzi hufungwa, kimoja cha mwisho huhamishiwa kwenye kulabu, na kroshia huendelea kana kwamba hakikutokea kitu. Kipande kina upana wa kiganja, kina sehemu nzito na nyepesi, na hakuna atakayeweza kukirudia, hata aliyekifuma.

Kabla hakijawekwa kando hulazwa mezani. Hapa ipo hesabu ambayo hata ufumaji huru hauikwepi. Duara ya mishono mifupi iliyoanza na sita hulala bapa ikiongezwa mishono sita kila mzunguko. Ya mishono mirefu huhitaji takriban 12. Ikiongezwa pungufu, kingo huinuka na kipande kinakuwa bakuli. Ikizidishwa, kingo hujikunjakunja kama jani la sukumawiki. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Cornell, aliutumia mkunjo huo kwa makusudi: alifuma kwa kroshia akiongeza mishono kwa uwiano usiobadilika, akapata umbo la jiometria ya haipaboli ambalo wanafunzi waliweza kulishika mkononi. Dada wawili wa Australia, Margaret na Christine Wertheim, walianza mwaka 2005 huko Los Angeles kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa kanuni ya Taimina, na watu wa nchi nyingi wamekwisha kuuongezea. Matumbawe hayo yalipendeza hasa wafumaji walipoacha kufuata uwiano sawasawa na kuvuruga hesabu kidogo.

Kwa vazi, hata hivyo, mkunjo ni tatizo. Bakuli hunyooshwa kwa kuongeza mishono kwenye safu inayofuata, palepale ukingo unapovuta. Mikunjo hupunguzwa kwa kuruka mishono. Kasoro ndogo huachiwa maji: kipande huloweshwa, hushikizwa kwa pini juu ya taulo na kuachwa kikauke. Sufu na pamba hutii. Akriliki haitii sana, na pasi ya moto huiyeyusha na kuilegeza moja kwa moja, kwa hiyo haipigwi pasi.

Vipande 20 au 30 vinatosha kuanza kuvipanga kwa ajili ya mkoba. Koti la mtu mzima hudai vingi mno kuliko hivyo, na wengi huanza kuvihesabu mapema na kukata tamaa. Njia ya uhakika ni kuwa na kiolezo: nguo ya zamani inayomkaa mtu vizuri hulazwa juu ya karatasi za kaki au shuka kuukuu, mstari ukapigwa pembeni yake, mbele, mgongo na mikono kila kimoja peke yake. Kwa hiyo patani hurudi kwa mlango wa nyuma, ila ni patani ya umbo la nje pekee. Ndani ya mstari uhuru uko palepale.

Vipande hupangwa juu ya kiolezo, vikageuzwa, vikabadilishana nafasi, na vikiachwa usiku kucha jicho la asubuhi huona ambalo la jana halikuona. Vikikubalika hugeuzwa kifudifudi na kushikizwa, kama walivyofanya wanawake wa Ireland. Kingo zinazogusana hushonwa kwa sindano butu na uzi wa rangi iliyokolea zaidi kati ya mbili. Mapengo ndipo ustadi hupimwa. Pengo dogo la pembetatu hufumwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila mzunguko ukipunguza mishono hadi tundu lifungwe. Pengo refu na jembamba hupitiwa na mishono ya kimo tofauti, mifupi palipobana na mirefu palipopanuka. Pengo kubwa mno huashiria kwamba kipande kingine kinahitajika, na mara nyingi hicho, kilichofumwa kwa kulazimishwa na nafasi, ndicho kizuri kuliko vyote.

Maungio yakionekana kama mipaka ya nchi kwenye ramani, hufutwa kwa kroshia ya juu: kulabu huchomwa kutoka mbele, uzi ukashikwa kwa nyuma, na mnyororo wa cheni ukatambaa juu ya kitambaa kutoka kipande kimoja hadi kingine. Mstari mmoja mrefu wa namna hiyo, ukipita vipande vitano au sita, huliongoza jicho mbali na mishono ya kuungia.

Nyuma ya kazi hubaki mikia ya nyuzi, na kwa masalio mikia huwa mingi ajabu. Anayeiacha hadi mwisho hukutana na jioni tatu za kushona mikia mitupu. Wazoefu hufumia juu yake: mkia hulazwa kwenye ukingo na mishono inayofuata huuzika. Sufu ina njia yake zaidi. Ncha mbili hufumuliwa, hulowanishwa kwa mate au maji, hupishanishwa na kusuguliwa kati ya viganja hadi zishikane. Akriliki na pamba hazikubali hila hiyo.

Kazi iliyokamilika ni nzito kuliko sweta la kawaida, kwani kroshia hula uzi mwingi na mishono imepandana. Koti likining'inizwa kwenye henga hurefuka kwa uzito wake lenyewe; mabegani hushonewa utepe wa pamba, na mgongoni bitana nyepesi. Mkoba usio na bitana huachia sarafu na kalamu zipenye. Kufua ni kwa mkono, maji ya baridi, bila kukamua kwa kusokota. Taulo hukunjwa pamoja na vazi ili linywe maji, kisha vazi hulazwa kivulini juu ya mkeka, likavutwa kidogo huku na huku lirudi kwenye mstari wa kiolezo chake.